Hotuba ya Akina Mama Walio Ng'ambo kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ilisomwa mbele ya wanachama na wazee kwa niaba ya akina mama wa Taita wanaoishi Uingereza, Marekani na nchi za Ghuba.



Tuliofika hapa leo ni wachache, maana nauli ni kubwa na likizo ni chache, lakini wenzetu waliobaki kazini wametuagiza ya kwamba salamu zao zitangulie kabla ya neno jingine lolote. Wamo miongoni mwao wauguzi wa hospitali, wamo wanaowatunza wazee na wagonjwa majumbani kwa zamu za usiku, wamo wafanyao kazi za nyumbani katika nchi za Waarabu. Wote wawaambia ya kwamba wako mbali kwa miguu tu, si kwa moyo.

Twatoa shukrani kwa Kamati kwa kutupa nafasi ya kusema katika mkutano huu. Hesabu ya fedha tulizochanga mwaka huu imo katika taarifa ya Mweka Hazina, nasi hatutawachosha kwa kuirudia. Neno letu leo si la fedha. Ni la yale ambayo fedha zetu zimeshindwa kuyafanya.

Bwana Mwenyekiti, vyama vya ustawi kama hiki chetu vilianzishwa na baba zetu na babu zetu walioshuka milimani kwenda kutafuta kazi Mombasa, Nairobi na katika mashamba ya katani. Walipofika huko waliona ya kwamba mtu akiugua hana wa kumwuguza, na akifa hana wa kumrudisha kwao. Basi wakachangishana senti zao, wakazikana, wakauguzana, na mtoto mwenye akili alipokosa karo wakamlipia. Sisi akina mama tulio ng'ambo hatukubuni jambo jipya. Tumefuata njia ile ile, ila yetu imekuwa ndefu zaidi na imevuka bahari.

Wala kuwa mbali na kwao si jambo geni kwa watu wetu. Ndugu zetu wa Kasigau walihamishwa kwa nguvu na serikali ya kikoloni katika vita vya mwaka 1915, wakapelekwa pande za Malindi, na wengi wakafia huko. Waliosalia hawakuusahau mlima wao, na katika miaka ya 1930 wakaruhusiwa kuurudia. Sisi hatukufukuzwa na mtu. Tuliondoka kwa hiari kutafuta riziki. Kwa hiyo kama wale waliofukuzwa hawakusahau kwao, sisi tuna udhuru gani?

Tena twakumbuka ya kwamba elimu ilifika kwetu mapema. Wamisionari walianza kazi Sagalla mwaka 1883, na Bura mwaka 1892. Lakini elimu ilipofika haikuwafikia watoto wote kwa kadiri moja. Katika Kenya nzima, shule ya sekondari ya Alliance ilifunguliwa Kikuyu kwa ajili ya wavulana wa Kiafrika mwaka 1926. Wasichana wakangoja miaka 22 hata ilipofunguliwa yao huko huko Kikuyu mwaka 1948, ile ijulikanayo sasa kwa jina la Alliance Girls. Katika miaka hiyo 22, ni akili ngapi zilizomalizikia jikoni na kwenye kuni, hakuna ajuaye. Chama kilipomlipia karo mtoto mwenye akili katika siku zile, mara nyingi sana mtoto huyo alikuwa wa kiume. Hatusemi hivi kwa kuwalaumu waliotangulia, kwani walitenda kwa kadiri ya mwanga wa wakati wao. Twasema ili ijulikane ni kwa nini sisi tulipoanza kuchanga tuliazimia fedha zetu ziwe za wasichana.

Leo mambo mengi yamebadilika, nasi tungekuwa watovu wa shukrani tusipoyataja. Tangu mwaka 2003 elimu ya msingi katika shule za serikali hailipiwi karo. Tangu mwaka 2008 serikali imekuwa ikilipia masomo ya sekondari za kutwa, na mwaka 2018 kiwango cha kila mwanafunzi kilitangazwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Katiba ya mwaka 2010 yasema wazi ya kwamba kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Nao Wakenya walio ng'ambo hawakulala: kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, katika mwaka 2024 walituma nyumbani zaidi ya dola za Marekani bilioni 4.9. Katika fungu hilo kubwa zimo pia senti zetu, nasi hatuoni haya kuzitaja, maana zimepatikana kwa kukesha.

Hata hivyo, baada ya kuyataja hayo yote, imetupasa kuungama kosa letu mbele yenu.

Tulipoanza kazi hii tulidhani ya kwamba kizuizi cha msichana ni karo, na karo ikilipwa yote yamekwisha. Tulitengeneza orodha ya majina, tukatuma fedha moja kwa moja katika akaunti za shule, tukapokea risiti, tukazitia katika jalada, tukalala usingizi mwema. Yuko msichana mmoja ambaye tulimlipia hivyo muhula wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Risiti zote tatu tunazo. Kisha mmoja wetu alikuja nyumbani kwa mazishi, akapita sokoni kununua ndizi, na aliyemwuzia ndizi hizo alikuwa ni msichana yule yule, na mgongoni alikuwa na mtoto mchanga. Alikuwa ameacha shule kabla ya muhula wa kwanza kumalizika.

Mwenzetu alipomwuliza mbona hatukuambiwa, alijibu kwa sauti ndogo ya kwamba yeye alidhani tunajua, kwa kuwa jina lake lilikwisha futwa.

Na kweli lilikuwa limefutwa. Kamati ya elimu ya hapa nyumbani ililifuta katika daftari lake, kwa desturi iliyopo ya kwamba msichana akipata mimba huondolewa katika msaada. Lakini hakuna aliyetuandikia, kwa sababu jambo lenyewe lilionekana la aibu. Nasi hatukuuliza, kwa sababu risiti zilitutosha. Hivyo kwa mihula miwili mizima tulilipa karo ya kiti kitupu, na mwenye kiti alikuwa akiuza ndizi umbali mfupi kutoka nyumba ambamo kamati hukutana.

Wahenga wetu walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Sisi ndio fimbo ya mbali. Twaweza kuwa fimbo ndefu, twaweza kuwa fimbo ya fedha, lakini nyoka akiingia nyumbani, atakayemwua ni aliye karibu. Na nyoka anayemwondoa msichana shuleni si mmoja. Turuhusuni tumtaje kila mmoja kwa jina lake, kama tulivyojifunza kwa kuwauliza wasichana wenyewe na mama zao.

Wa kwanza ni njia. Mbuga za Tsavo zilizotengwa mwaka 1948 zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yetu, na ndovu hawasomi mipaka. Kwa watoto wa bondeni, kutoka nyumbani kabla ya mapambazuko au kurudi jioni ni kuyahatarisha maisha. Mvulana akichelewa huweza kulala kwa rafiki. Msichana akilala kwa watu, maneno huanza. Asipolala, ndovu wako njiani. Basi mzazi huona heri akae nyumbani.

Wa pili ni kazi. Maji yakiwa mbali, ndoo ni ya msichana. Mama akiugua, jiko ni la msichana. Kaka yake arudipo shuleni husoma. Yeye arudipo huanza zamu ya pili. Sisi tufanyao zamu za usiku twajua vizuri jinsi macho yanavyokuwa mazito mbele ya kitabu.

Wa tatu, wazee wetu watatuwia radhi kwa kumtaja barazani, ni siku za mwezi. Msichana asiye na sodo hubaki nyumbani siku hizo kila mwezi, na mwisho wa mwaka siku hizo huwa majuma mengi. Serikali iliondoa kodi ya sodo mwaka 2004, na sheria ya mwaka 2017 iliagiza kila msichana aliyebaleghe katika shule ya serikali apewe bure. Sheria ni njema. Lakini sheria nayo ni fimbo ya mbali kama sisi, isipokuwapo mtu wa karibu wa kuuliza kama zimefika na kama zimetosha.

Wa nne ni yule aliyemtoa shuleni msichana wetu wa ndizi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha ya kwamba katika kila wasichana 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wapatao 15 wamekwisha pata mimba. Kwa hiyo jambo hili si la nyumba moja, wala si la ukoo mmoja. Kila aliyeketi hapa akihesabu binti za nduguze kwa vidole, atafika mahali ambapo kidole kitasita.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, twafika katika ombi letu. Twajua ya kwamba limekwisha zungumzwa pembeni, na ya kwamba wako wanachama waliochukizwa nalo. Twaomba mkutano huu uiondoe ile desturi ya kufuta jina la msichana aliyezaa, na badala yake iandikwe ya kwamba msichana wa namna hiyo atahesabiwa kuwa likizoni, na kiti chake kitamngoja.

Tumesikia pingamizi tatu, nasi twataka kuzijibu kwa adabu.

Yasemwa ya kwamba tukimrudisha mmoja, wengine watajifunza ubaya wake. Sisi twajibu ya kwamba hakuna msichana atakayetamani kubeba mimba kwa kumwona mwenzake akinyonyesha usiku na kufanya hesabu mchana. Ajifunzalo msichana kwa kumwona mwenzake akifutwa ni jambo jingine: hujifunza kuficha. Huficha mimba mpaka ni hatari, na wengine huingia katika mikono ya wasio waganga. Na aliyefutwa hana la kungojea ila kuzaa mtoto wa pili.

Yasemwa pia ya kwamba fedha ni chache, na zilizo chache wapewe wenye tabia njema. Neno hili lingekuwa na uzito kama lingepimwa kwa mizani moja. Lakini tumelipitia daftari lote na hatukuona jina hata moja la mvulana lililofutwa kwa sababu hiyo. Mimba haina mzazi mmoja. Tena wakati mwingine mwenye mimba hiyo si mvulana, ni mtu mzima mwenye nyumba yake. Wazee wetu, mnajua kuliko sisi jinsi mambo hayo yanavyomalizwa. Watu wazima huketi, mbuzi hutajwa, familia hushikana mikono, na msichana hubaki jikoni. Lakini kwa sheria ya mwaka 2006 ya makosa ya kijinsia, mtu mzima aliyemwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ametenda jinai, na jinai haimalizwi kwa mbuzi. Twawaomba mlio na heshima kubwa kuliko watu wote katika kata zetu msikubali heshima hiyo itumiwe kuwa pazia.

Ya tatu yasema ya kwamba akina mama wa ng'ambo wameleta desturi za kigeni. Hili si la Uingereza wala la Marekani. Serikali ya Kenya yenyewe ilitoa mwongozo mwaka 1994 ya kwamba msichana aliyejifungua aruhusiwe kurudi shuleni, na mwaka 2020 mwongozo huo ukaandikwa upya kwa urefu. Wakati wa mwongozo wa kwanza wengi wetu tulikuwa bado tunasoma hapa hapa nyumbani. Hatukuubeba katika masanduku yetu.

Lakini katika pingamizi hiyo ya tatu limo neno la kweli, nasi twalikubali. Tumewahi kuagiza kwa simu kama mabibi wakubwa. Tulituma fedha za tangi la maji kwa shule moja bila kuuliza, likawekwa chini ya paa lisilo na mfereji wa kukingia maji, na mvua yote ya vuli ikapita tangi likiwa kavu. Mzee mmoja alitwambia kwa upole, "Binti zangu, mngetuuliza." Neno hilo limetukaa. Ndiyo maana leo hatukuja na amri, tumekuja na ombi.

Wako wenzetu waliotushauri tumlipie msichana huyu sisi wenyewe, kimya kimya, tukiacha daftari la chama lilivyo. Fedha za kufanya hivyo zipo. Tulikataa, na sababu yetu ni hii: tukimlipia kwa siri atarudi darasani, lakini atarudi akiwa amefutwa na watu wake. Atapita njiani akijua ya kwamba walio mbali wamemtaka na walio karibu wamemkataa. Hatutaki kumnunulia kiti. Twataka ninyi mumkalishe.

Basi twaomba mambo manne. Kwanza, desturi ya kufuta majina iondolewe kwa kura ya mkutano huu. Pili, katika kamati ya elimu ya hapa nyumbani waongezwe akina mama wawili wanaoishi karibu na shule, maana kuna mambo ambayo msichana hatayasema mbele ya baba zake hata akiulizwa mara saba. Tatu, kila mwisho wa muhula tuletewe habari za msichana mwenyewe pamoja na risiti: je, yuko darasani, amekosa siku ngapi, na kwa nini. Nne, kabla hatujatuma fedha za jambo lolote la ujenzi, kamati itwambie lipi litangulie, nasi tutafuata.

Kwa upande wetu twaahidi mawili. Mchango wetu hautapungua, hata kura ikienda kinyume na ombi letu. Hatukuja kuwauzia rai. Na hatutaomba majina yetu yaandikwe ukutani pa jengo lolote. Jina tunalolitaka liandikwe ni la msichana, katika daftari la mahudhurio, kila asubuhi.

Wazee wetu, kabla ya kuketi twaomba kukumbusha habari moja ijulikanayo na wengi. Marehemu Profesa Wangari Maathai alieleza katika kitabu cha maisha yake ya kwamba alipokuwa mtoto hakupelekwa shule, mpaka siku moja kaka yake alipomwuliza mama yao mbona Wangari haendi shule kama wao. Mama hakuona sababu ya kukataa. Mtoto huyo alikwenda kusoma Marekani mwaka 1960, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, na mwaka 2004 akapewa tuzo ya amani ya Nobel. Wafadhili walimsaidia baadaye, na serikali, na watu wa mbali. Lakini mlango wa kwanza ulifunguliwa na kaka aliyeuliza na mama aliyekubali, ndani ya nyumba, bila ya senti kutoka ng'ambo.

Msichana wetu wa ndizi yuko tayari kurudi shule zitakapofunguliwa mwezi wa Januari. Mama yake amekubali kumlea mjukuu. Mwalimu mkuu amesema atampokea. Karo ipo. Kinachongojewa ni neno la mkutano huu, na hakuna awezaye kulisema kwa niaba yenu.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu umri mrefu, aibariki milima yetu kwa mvua ya vuli na ya masika, na atujalie sisi tulio mbali siku ya kurudi tukute viti vyote vina watu.